Subaru yangu ilivyogeuka bubu

Wenye Subaru mtanielewa, wengine mnisamehe tu. Forester ya turbo, ile SG5 yenye tundu juu ya boneti, hainunuliwi kwa ajili ya kubana mafuta jamani, inanunuliwa kwa ule mngurumo, unaingia mtaani watoto wanajua ni wewe kabla hata hujatokea kwenye kona. Ya kwangu ilikuwa inanguruma vizuri tu ila binadamu haridhiki, nikataka ingurume mpaka mabati ya nyumba yacheze.

Basi nikaagiza heda. Kwa wasiojua, heda ni yale mabomba ya mwanzo kabisa ya ekzosi, yanapokea moshi ukitoka tu kwenye silinda hedi, na kwenye hizi Subaru za turbo yanapita chini ya injini, yanakutana, halafu moshi unapanda kwenda kwenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukumie injini hewa. Muuzaji akanitumia picha, pipe zinameta mpaka nikamwonesha wife, muuzaji akasema kaka hizi zote nne urefu sawa, turbo inaamka mapema, hizi ndo za wenyewe. Urefu sawa! Nikaona hapa hamna aliyedhulumiwa. Mzigo ukaja kutoka China umelowa mafuta ya kuzuia kutu, boksi lote linanuka, ndani gasketi hakuna hata ya dawa.

Fundi wangu wa mtaa wa Gerezani, Dar, akataja bei ya kufunga, nikacheka kwa heshima nikakata simu. Si nati tu hizi? Nikaazima jeki na stendi, Jumamosi asubuhi gari iko juu uani kwa mama mwenye nyumba, mimi uvunguni, na shem wangu, mdogo wake wife yuko likizo ya chuo, ndo wa kumulika na tochi ya simu. Shem anajua kumulika vitu viwili tu, macho yangu na ukuta.

Nati zenyewe spana namba 14, sema gari ilishakaa Kigamboni na mwenyewe wa kwanza, chumvi ya bahari imezila mpaka kona zimeisha, spana inateleza tu. Nikapulizia WD-40, nikasubiri, nikapulizia tena, nikagonga kidogo na nyundo, kutu lote likashuka machoni. Nikapiga kelele shem maji! Akaja mbio na chupa ya maji ya friji akanimwagia yote shingoni. Tukaendelea hivyo hivyo, moja ikaachia, nyingine ikaachia, nikafika kwenye ile ya nyuma kabisa ambayo mkono hauingii bila kuacha ngozi, nikavuta kwa nguvu zote, ikalainika ghafla, aisee raha ilioje, nikawa nazungusha huku naimba kabisa. Kumbe studi, kile chuma chenye nyuzi kinachoshika nati, imekatika. Nusu ninayo mkononi, nusu imebaki kwenye hedi.

Akaitwa kijana anayechomelea mageti pale njia panda. Huyo kijana nimpe maua yake. Kaja na miwani yake ya jua, kitu cha kwanza akasema toa waya wa betri, akalala kwenye mchanga bila hata kuomba boksi la kulalia, akachomelea nati mpya juu ya kile kisiki, na ikiwa bado ya moto akaipa spana, akawa anaenda mbele kidogo anarudi nyuma kidogo, ikatoka yote. Kazi ya muda wa kunywa chai. Nikanunua studi na gasketi, nikafunga zile pipe zangu zinazometa, jioni jioni gari ikashuka chini.

Kuwasha nikaita watu washuhudie. Wife, watoto wa jirani, bodaboda wa kijiweni. Nikapiga stata, ikaitika, na kabla sijasikia chochote moshi ukaanza kutoka kwenye tundu la boneti. Mweupe, mzito, unanuka vibaya. Sasa mimi najua ni yale mafuta ya kiwandani plus WD-40 yote niliyomwaga mule yanaungua tu, heda mpya zote huwa hivyo, ila nani wa kumweleza mtu wa bodaboda? Mtu wa kwanza akapiga kelele MOTO, wa pili akaanza kurusha mchanga kwa mikono, na mimi nikiwa bado nahangaika kufungua mlango nimwambie mama mwenye nyumba subiri mama, subiri, akawa ameshafika na beseni la maji ya kufulia, akalimimina lote kwenye lile tundu. Gari ikazimika yenyewe. Povu likawa linachuruzika taratibu kwenye kioo cha mbele. "Nimekuokoa mwanangu," ananiambia anahema.

Tukafuta, tukasubiri ikauke, nikawasha tena. Moshi ukapungua ukaisha. Watu wakasogeza masikio.

Hamna kitu. Yani injini inazunguka, mshale unapanda, ila ule mngurumo haupo. Nikajua maji ya kufulia yameua kitu. Nikampigia fundi, nikampa simu asikilize, kimya kidogo, kisha nikasikia anawaita wenzake waje wasikilize na wao. "Kaka umeweka za urefu sawa?" Ndio. "Sasa ule mngurumo ulidhani unatoka wapi? Turbo yako imekaa upande mmoja, heda ya kampuni pipe za upande mwingine ni ndefu, moshi unafika haupo kwenye mstari ndo inaguguma vile. Wewe umeipanga foleni. Ina pumzi zaidi sasa hivi, hongera."

Hongera! Mama mwenye nyumba ambaye amenisema tangu nihamie kwamba kuku wake hawatagi kwa sababu ya gari langu, akapita pembeni na beseni lake tupu, akatabasamu. "Mungu mkubwa, leo inalia kama cherehani."

Nikasema hapana, kesho narudisha ya zamani. "Shem, ile heda ya zamani umeiweka wapi?" Shem alikuwa anakula chipsi mayai. Akaacha kutafuna. "Ile ya kutu? Si amepita yule wa vyuma chakavu."

Tukatoka mbio, tukamkuta bado hajavuka lami, heda yangu iko juu kabisa ya mkokoteni. Nikamwambia kaka nirudishie hiyo, nakupa ulichompa huyu kijana na soda juu. Akaiangalia, akaiangalia Forester iliyopaki kule mbali, akaniangalia mimi mwenye grisi mpaka masikioni.

"Hii nilinunua kwa kilo," anasema, "ila siuzi kwa kilo. Hii ni spea ya Subaru. Laki mbili."

Shem akaninong'oneza, "Kaka, mi naona hapo kakufikiria."