Ada ya chuo ikifutwa sawa, ila msosi nani analipa?

Matokeo ya fomu siksi yakitoka tu huu mjadala unarudi, watu wanataka serikali ifute ada ya chuo kikuu kama ilivyofuta ya fomu faivu na siksi 2022. Mi naunga mkono, ila sio kwa asilimia mia.

Ada inatesa kweli, hilo sibishi. Mtoto kapata mkopo wa serikali lakini kwenye ada kapewa asilimia ndogo, inayobaki atoe mzee ambaye anategemea mahindi, mitihani ya semista ikifika anaambiwa huna ruhusa ya kuingia mpaka umalizie ada, hapo unasomaje sasa? Na hata akimaliza salama, siku akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kulipa huo mkopo, miaka kibao huku wadogo zake nyumbani wanamuangalia yeye. Afadhali 2021 Rais Samia aliondoa ile asilimia 6 iliyokua inaongezwa kwenye deni kila mwaka eti kulinda thamani ya mkopo, kabla ya hapo mtu analipa na deni halipungui.

Lakini mi nikikumbuka miaka yangu ya chuo, kilichokua kinaninyima usingizi sio ada, ni bumu, yaani ile hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Likichelewa wiki tatu mnakula mara moja kwa siku, mnabebana wawili kitanda kimoja, lekcha unaingia ila akili yote iko kwenye simu unasubiri meseji ya benki. Hela ya kula na malazi ilipanda 2022 toka 8,500 mpaka 10,000 kwa siku, sawa, ila toa chumba cha kupanga mtaani, toa nauli ya daladala, fotokopi, bando, inabaki nini?

Angalia Afrika Kusini. Toka 2018 familia yenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka mtoto anasoma bure na hela ya kujikimu anapewa, na bado wanafunzi wanaandamana hela imechelewa, wenye nyumba wanawatoa nje. Na aliyezidi hapo kidogo tu hiyo bure haimhusu, wakati tajiri sio.

Ndo maana naona tukifuta ada kwa wote, hadi mtoto aliyesomeshwa sekondari kwa mamilioni, hela itaishia huko na bumu litabaki palepale. Mi ningeanza na bumu liingie kabla chuo hakijafunguliwa, hasa kwa fest yia, maana yule anashuka Dar na begi na nauli tu, hana ndugu, hajui hata wa kumkopa ni nani.