Jumatano Iliyouzwa

Kila mwaka mwezi wa Novemba kuna Jumatano moja ambayo binti yangu hulala mpaka saa tatu asubuhi, ilhali mimi nimekwisha kuhangaika wiki nzima kutafuta mtu wa kukaa naye. Tunaishi Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na siku hiyo huitwa Buß- und Bettag, yaani Siku ya Toba na Sala, ambayo Waprotestanti huiadhimisha siku kumi na moja kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Wanafunzi wote wa Bavaria hupumzika. Wazazi wao huenda kazini kama kawaida.

Kwa muda mrefu nilidhani huo ni uzembe wa wapanga kalenda, hadi mwenzangu mmoja wa zamu aliponieleza, tukiwa tunakunja mashuka, kwamba sikukuu hiyo iliuzwa na kwamba bei yake ndiyo inayotulipa mshahara. Sisi tunafanya kazi katika nyumba ya wazee. Mwaka 1995 Ujerumani ilianzisha bima ya lazima ya matunzo, ile inayosaidia kugharimia wazee na wagonjwa wasioweza tena kujihudumia, na mchango wake ukagawanywa nusu kwa nusu kati ya mwajiri na mwajiriwa. Waajiri hawakukubali kubeba nusu yao bure, kwa hiyo wakafidiwa kwa kupewa siku moja zaidi ya kazi. Jumatano ya toba ikafutwa karibu nchi nzima. Wafidiwa hawakupunjika, kwa sababu sikukuu yenye tarehe maalumu, kama Siku ya Muungano ya tarehe 3 Oktoba, huweza kuangukia Jumapili, na Ujerumani haina desturi ya Kenya ya kuisogeza hadi Jumatatu. Lakini Jumatano ni Jumatano, na kila mwaka iliwagharimu waajiri siku nzima ya kazi.

Nimesema karibu nchi nzima, kwa maana sikukuu nyingi za Ujerumani ni mali ya majimbo, wala si ya serikali kuu, na ndiyo maana Augsburg peke yake husherehekea Sikukuu ya Amani tarehe 8 Agosti na Berlin hupumzika Siku ya Wanawake tangu 2019. Saksonia, jimbo la mashariki, ilikataa kuiuza Jumatano yake. Matokeo yake yanaonekana kwenye hati ya mshahara: katika mchango wa mwaka 2025, ambao ni asilimia 3.6 ya mshahara, mwajiriwa wa Saksonia mwenye mtoto mmoja hukatwa asilimia 2.3 na mwajiri wake hutoa 1.3, wakati kwetu kila upande hutoa 1.8. Wapo wanaowacheka watu wa Saksonia kwa kulipia siku moja mwaka mzima. Mimi nawaona kuwa ndio waliofanya biashara ya wazi, kwani wanajua wamenunua nini na kwa bei gani, na siku hiyo mzazi na mtoto huwa nyumbani pamoja. Huko Schleswig-Holstein, jimbo la kaskazini, wananchi walilipigia kura suala hili mwaka 1997. Wengi wa waliojitokeza walitaka sikukuu irudi, ila idadi yao haikutosha kisheria.

Ninachokilalamikia ni njia ya Bavaria, iliyomnyang'anya mzazi siku na kumwachia mtoto. Likizo za shule nchini humu zilipangwa katika mapatano ya majimbo ya mwaka 1964 kuwa siku 75 za kazi kwa mwaka, Jumamosi zikihesabiwa, ilhali sheria inamhakikishia mfanyakazi wa siku tano kwa wiki likizo ya siku 20 tu. Pengo hilo kila mzazi analijua na hulipangia mapema: bibi, kambi za watoto, kupokezana na jirani. Siku moja iliyojitenga katikati ya wiki, majuma machache tu baada ya likizo ya Novemba, haina kambi wala bibi, hasa kwa sisi ambao bibi zetu wako Tanga. Kama serikali ya jimbo inaamini kwamba siku hiyo ni takatifu kiasi cha kufunga shule, basi ituulize wafanyakazi kama tuko tayari kukatwa ile nusu asilimia. Na kama haiamini hivyo, watoto wafundishwe hesabu siku hiyo.

Mwaka jana binti yangu aliniuliza, huku akipaka siagi mkate wake, "Mama, kwani wewe huna cha kutubu?" Nikamwambia ninacho, ila zamu yangu inaanza saa kumi na mbili na nusu. Mwaka huu nimeomba zamu ya usiku.