Banda la magurudumu manne

Uani kwangu pana mita nne kwa tatu. Toa choo, toa mapipa mawili ya maji, toa kamba ya nguo ya mke wangu, Mama Furaha, ambayo hakuna kiumbe anayeruhusiwa kuihamisha, inabaki nafasi ya mtu mnene mmoja kugeuka polepole. Hapo ndipo nilipoamua, mwezi wa pili wa 2021, kufuga kuku sita.

Sababu ilikuwa mayai. Nina watoto watatu wanaokula mayai kama wanalipwa, na mwenye duka la kona alikuwa amefikia hatua ya kunitajia bei huku akiangalia pembeni, kama daktari mwenye majibu mabaya.

Anayeijua Majengo, mtaa wetu hapa Goma, mashariki ya Kongo, anajua tumejenga juu ya nini. Ni jiwe la 2002. Lilishuka kutoka volkano ya Nyiragongo likiwa moto, likapita katikati ya mji hadi ziwani, likapoa, nasi tukarudi na mbao zetu na misumari yetu tukapanda juu yake. Udongo hakuna. Kuna jiwe jeusi lenye matundu, linalokula kandambili mwezi mmoja tu. Hata udongo wa maua ya Mama Furaha tuliununua kwa magunia, ukaletwa na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba aliyenishauri nichimbie nguzo nne hakuwa mtu wa Goma.

Alikuwa shemeji yangu wa Butembo. Kwao udongo ni mwekundu na laini, ukisahau mwiko nje usiku, asubuhi umeota majani. Alinieleza kwa simu banda la miguu: nguzo nne, sakafu ya fito iliyoinuka mita moja, kinyesi kinaanguka chini, panya hawafiki, hewa inapita. Kwa kuku sita, mita moja na nusu za mraba zinatosha. Ni banda zuri sana, sina neno nalo. Fundi alikuja na mtaimbo, akapiga cheche siku nzima, na jioni akanionyesha shimo ambalo ungeweza kuchemshia chai ya watu wawili.

Mama jirani alikuwa ameegemea ukuta tangu saa nne, anamenya viazi.

"Papa Furaha, mnatafuta moto wa mlima? Ngojeni tu, huwa unakuja wenyewe."

Nikahamia mchoro wa pili, banda la kuegemea ukuta. Huo ulidumu dakika tano, maana ukuta ni wake, na dirisha la jiko lake liko hapo hapo. Hakukataa. Aliniuliza tu kama mimi ningependa kupikia sombe, majani yetu ya muhogo, puani mwa kuku. Nikakunja mchoro.

Usiku ule niliingia intaneti, na ndiyo asili ya maafa. Nikaona banda la Ulaya: nyumba ndogo ya mbao, paa la pembetatu, dirisha la moyo, na chini yake magurudumu. Kila asubuhi mwenye nyumba analisukuma hatua mbili, kuku wanakula majani mapya, bustani inapata mbolea. Kwenye picha alikuwepo mzee wa kizungu mwenye mabuti ya mpira anatabasamu. Nikamwonyesha mke wangu. Akaitazama picha muda mrefu.

"Majani yako wapi?"

"Majani ni baadaye."

"Na hayo mabuti?"

Nikazima simu. Moyoni nilishaona kwamba fumbo limefumbuliwa: nguzo haziingii katika jiwe, basi tusichimbe kitu. Na katika mji huu, ukitaka kitu cha mbao chenye magurudumu, huendi mbali. Fundi wangu wa pili alikuwa mtengeneza chukudu. Alisikiliza, akakuna kidevu kwa penseli, akauliza swali moja tu.

"Papa, ni nyumba ao ni gari?"

"Ni nyumba inayotembea."

"Basi ni gari," akasema, na akanipigia hesabu ya gari.

Kazi aliifanya vizuri, lazima niseme. Magurudumu manne ya mbao yaliyovalishwa ukanda wa tairi, yenye beringi za chuma ndani. Bawaba za mlango zilikuwa vipande vya kandambili ya bluu, vimepigiliwa misumari mitatu mitatu. Huo mlango haukulia hata siku moja, na mlango wa nyumba yangu wenye bawaba za dukani unalia mpaka leo. Dirisha la moyo alilikataa. Alisema mkono wake haujawahi kukata moyo na hataanzia kwa kuku.

Kosa la ndani lilikuwa langu. Masanduku ya kutagia niliyaweka juu ili mtoto asifike, na fito za kulalia nikaziweka chini yake. Kuku hulala palipo juu kabisa. Hilo kila bibi analijua, ila mimi sikuuliza bibi, niliuliza simu. Kwa hiyo walilala sandukuni, wakajisaidia sandukuni, asubuhi wakataga humo humo. Mayai ya wiki ya kwanza tuliyaosha kwanza kwa maji, kisha kwa imani.

Lakini linatembea! Kila asubuhi nililisukuma mita moja mpaka kwenye choo. Kila jioni nililirudisha mita moja mpaka kwenye mapipa. Chini yake ni jiwe, mbele yake ni jiwe. Kuku walitoa vichwa wakatazama jiwe la jana na jiwe la leo, wakarudi ndani. Mama jirani akawa anawasalimia asubuhi, "Safari njema," na jioni, "Mumefika salama?"

Jumapili moja ya mwezi wa nne, baada ya mvua, nikasema imetosha. Ng'ambo ya barabara, kando ya mfereji, kuna majani. Machache, ila ya kijani. Nikalitoa banda langoni kwa shida, limebakiza kidole kila upande, nikaliegesha kwenye majani. Barabara yetu inateremka kuelekea chini, kama barabara nyingi za hapa zinazotafuta ziwa, kwa hiyo nikaweka jiwe kubwa chini ya gurudumu la mbele. Sikuwa mjinga kabisa. Nikaingia ndani kunywa chai.

Huku nje vijana walikuwa wanacheza mpira na goli lao limekosa mhimili mmoja. Sasa nisaidieni. Huu ni mji ambao mawe yamejaa barabarani, yamejaa uani, ndiyo kuta, ndiyo msingi, mji mzima ni jiwe. Mtoto wangu wa pili, wa tumbo la mke wangu, alitazama mawe yote ya Goma akachagua lile.

Nilisikia kwanza kimya. Halafu vijana wakapiga kelele kwa sauti moja, sauti ambayo si ya goli.

Nilipotoka, banda lilikuwa limeshapita nyumba ya tatu. Halikuwa linakwenda kasi sana, na hiyo ndiyo aibu yenyewe: lilikwenda mwendo wa mtu mzima anayewahi misa, kiasi kwamba kila jirani alipata muda wa kutoka, kuona, kuita mwenzake, na kunitambua nyuma yake nikikimbia na kikombe mkononi. Beringi zilikuwa zinaimba. Kuku wote sita walikuwa wametoa vichwa dirishani upande mmoja, hawapigi kelele, wanatazama mandhari. Ndiyo mara ya kwanza niliwaona wamefurahi.

Mzee mmoja aliyetoka kanisani alivua kofia. Nadhani alidhani ni maiti.

Mwendesha chukudu aliyekuwa anapanda na makaa alijaribu kulizuia kwa mguu, akaona uzito wake, akabadili mawazo, akaniambia tu kwa sauti ya mtu wa kazi, "Papa, hukuweka breki!" Kweli. Kwenye chukudu kuna kipande cha tairi unachokikanyaga nyuma, kinabana gurudumu. Fundi aliniuliza kama nakihitaji. Nikamwambia kuku hawana miguu ya kukanyaga breki, tukacheka sana siku ile.

Lilisimama kwa mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Liligonga meza yake kwa adabu, kona tu, mlango ukafunguka kwa bawaba zake za kandambili bila kulia, na kuku wakashuka mmoja mmoja kama abiria waliofika. Beseni la sambaza lilikuwa chini. Sambaza wenyewe ni wageni ziwani Kivu, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jioni ile walihamishwa tena, haraka sana.

"Hawa kuku ni wa nani?" mama akauliza, huku ananitazama mimi, kikombe, na jasho.

Nilifikiria kukana. Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu kama arobaini, wote wananijua kwa jina la mtoto wangu.

Nililipa nusu beseni, na meza, na maneno yake nikayapokea yote bila kupunguziwa. Kulirudisha banda kulihitaji vijana wanne, nao walidai soda. Siku kadhaa zilizofuata mayai yetu yalinuka sambaza. Ukikaanga yai moja paka watatu wanakuja kukaa mlangoni. Furaha akagoma kula omleti, akasema anataka ama samaki ama yai, asichanganyiwe.

Mama Furaha hakunigombeza. Alisema neno moja: "Magurudumu." Nikaelewa. Jumatano ya tarehe 19 Mei niliyang'oa yote manne, nikaliweka banda juu ya mawe manne bapa, kama nyumba zote za mbao za mtaani, nikashusha masanduku ya kutagia na kuinua fito. Kuku wakalala kama watu. Magurudumu nikamuuzia yule yule mwendesha chukudu aliyenipa shauri la breki. Alinipa nusu ya bei, nikashukuru. Mama jirani akapitisha viazi juu ya ukuta kwa amani.

Siku tatu baadaye, Jumamosi usiku, mbingu ikawa nyekundu. Mlima ulichukua nyumba za watu na roho za watu, na kwa hilo sina kichekesho. Moto ulisimama kabla ya kutufikia sisi, ardhi ikaendelea kutetemeka siku nzima na usiku kucha, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 tukaambiwa mitaa kumi ihame, Majengo ikiwemo. Haraka, kuelekea mji wa Sake.

Tukafunga godoro, sufuria, vyeti vya watoto. Mama Furaha akatoka uani, akasimama mbele ya banda lililotulia juu ya mawe yake manne. Akalitazama. Akanitazama mimi. Akalitazama tena chini, pale ambapo magurudumu yalikuwa. Ardhi ikatetemeka kidogo, yeye hakutetemeka. Kisha akashika gunia, akalitoboa matundu kwa kisu, akanipa.

Ndivyo nilivyoingia barabara ya Sake, kuku watatu mgongoni na watatu kifuani, katikati ya umati usio na mwisho, mmoja wao akiwa ametaga ndani ya koti langu kabla hatujatoka mjini. Tulikuwa tumepumzika kando ya njia nilipoisikia ile sauti ya beringi. Chukudu ndefu, kubwa kuliko nilivyoizoea, ina magodoro manne, bibi kizee mmoja, mbuzi, na watoto wawili juu kabisa. Mwenyewe akanitambua, akainua mkono bila kupunguza mwendo.

"Papa Furaha! Yale magurudumu yako ni mazuri sana!"