Chila za moduli: akiba ya umeme haiji na fremu

Wauzaji wa mitambo ya kupoza majengo makubwa wana pendekezo linalovutia. Badala ya mafundi kujenga chumba cha mitambo kipande kwa kipande, unanunua chila (mashine ya kupoza maji yanayozungushwa jengoni), pampu, vali na paneli ya umeme zikiwa zimefungwa kiwandani juu ya fremu ya chuma; kila fremu ni moduli moja. Kreni inazishusha, unaunganisha mabomba na nyaya. Ahadi ni mbili: kazi kuisha mapema na bili ya umeme kushuka. Ya kwanza mara nyingi hutimia. Ya pili inategemea mambo yaliyo nje ya fremu hiyo.

Tuchukue mfano wa hospitali ya pwani, Dar es Salaam au Mombasa, inayohitaji tani 600 za ubaridi (kipimo cha nguvu ya kupoza, si uzito) mchana wa joto kali, takriban kilowati 2,110. Kwa kawaida mhandisi angeweka chila mbili za tani 300 na ya tatu ya akiba: tani 900 zimelipiwa. Moduli za tani 100 zinatosha sita na moja ya akiba: tani 700. Usiku, kliniki zimefungwa na mahitaji yameshuka hadi tani 50, moduli moja inafanya kazi kwa nusu ya uwezo wake, ilhali chila ya tani 300 ingekuwa ikiwaka na kuzima, na kila kuwaka kunachosha kompresa. Wodi mpya ikijengwa, unaongeza moduli, mradi mabomba makuu yaliwekwa kwa kipimo cha mwisho tangu mwanzo. Wengi hubana matumizi hapo, kisha moduli ya nane inakosa maji.

Lakini moduli saba ni kompresa nyingi, vali nyingi na sensa nyingi za kuharibika. Moduli nyingi hutumia kibadilisha joto, yaani kifaa ambamo gesi hupoza maji, cha sahani zilizochomelewa, chenye njia nyembamba za maji. Takataka za uchomeleaji na kutu ya mabomba mapya huziba njia hizo mapema kabisa. Kwa hiyo mabomba yasafishwe kwanza, maji yakizungushwa bila kupita kwenye moduli, na kila moduli iwe na kichujio chake. Mtiririko ukipungua maji yakaganda, sahani hupasuka na maji kuingia kwenye mfumo wa gesi ya kupozea. Hapo moduli imekwisha kazi. Tena moduli ya akiba haikuokoi ikiwa zote zinategemea kidhibiti kimoja. Mkataba utamke wazi kwamba kila moduli iweze kuwaka yenyewe kidhibiti kikuu kikifa.

Umeme unapotea zaidi kwenye maji. Mfumo uliosanifiwa kupeleka maji ya nyuzi 7 na kuyarudisha yakiwa nyuzi 12 unahitaji lita 100 hivi kwa sekunde kwa tani 600. Yakirudi na nyuzi 9.5, kwa sababu ya vali za njia tatu, zinazorudisha maji baridi bila kutumika, au koili chafu za kupozea hewa, ubaridi uleule unataka lita 200. Pampu zinahangaika na moduli ya ziada inawashwa bila haja. Fremu mpya haitibu ugonjwa huo.

Kisha kuna joto linalotupwa. Hospitali nyingi humwaga joto hewani huku boila ikichoma dizeli kwa ajili ya dobi. Moduli moja ya kurejesha joto, ikipoza kilowati 352 na kompresa ikila 120, hutoa kama kilowati 470 za kupasha maji. Chuo Kikuu cha Stanford, California, kilijenga mtambo wake mpya wa 2015 juu ya wazo hilo, kikaacha mvuke na kutumia mabomba ya maji moto. Na ule ni mtambo mkubwa wa kati, si moduli za kuunganisha. Linahitajika tangi, kwani dobi na joto la mchana havikutani saa moja, na hita ya mwisho ya kufikisha nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela wasizaliane.

Kwa hospitali au hoteli, basi, ningechagua moduli, mojawapo ikiwa ya kurejesha joto. Ofisi ya tani 80 inayofungwa saa kumi na moja jioni, isiyotumia maji moto, haina sababu ya kugharimia haya yote: chila mbili za kawaida na vali za njia mbili zinaitosha.