Flaibaki Inasingiziwa Kila Kitu

Jamani, hakuna kiumbe anayeonewa mtaani kama flaibaki ya TV chogo, kile kipuri kinachozalisha volti kubwa za kioo. TV haiwaki? Flaibaki. Picha imekuwa mstari? Flaibaki. Kona imeingia kijani? Flaibaki hiyo mzee, andaa hela. Mbuzi wa jirani akikata kamba, subiri kidogo, utasikia. Mtu ujuzi wake wote umeishia kwenye kubadilisha betri za rimoti, leo anatoa hukumu kwa kutazama mgongo wa TV tu.

Hebu tuanze na kilicho juu ya TV, maana ndani mtafika. Kitambaa cha kufuma kimeziba matundu ya hewa, na joto likikosa pa kutokea linakausha kapasita, vile vipipa vya kutunza chaji. Pembeni mmeegesha spika yenye sumaku kama ya shehena, halafu mnashangaa uso wa mtangazaji kuwa zambarau shavu moja! Ondoeni spika, zimeni TV nusu saa, washeni tena. Kuna koili imezunguka kioo, kazi yake kufuta sumaku hiyo, lakini hufanya kazi sekunde chache tu mwanzoni; posista yake, kipuri kinachoikatia umeme kikipata joto, isipopoa, haifuti kitu. Mkirudia mara kadhaa na doa halijatoka, angalieni hiyo posista. Ni kidude cha miguu miwili au mitatu karibu na waya wa umeme unapoingilia. Flaibaki wala hawafahamiani.

Haya, fungueni. Chomoeni waya kwanza, si kuzima kwa rimoti! Salimianeni na mijusi, watoeni na mayai yao, pigeni vumbi kwa brashi kavu. Kapasita kubwa ya pawa inatunza volti kama 320 hata waya ukiwa umechomolewa. Itoeni chaji kwa rezista ya kilo-omu 2, wati 10. Wanaogusisha bisibisi hapo wanapata cheche, bisibisi inaota meno, na fundi anajikuta yuko sebuleni kwa jirani. Chini ya kile kifuniko cha mpira ubavuni mwa tyubu, yaani chupa yenyewe ya kioo, kunaweza kuwa na zaidi ya volti 20,000. Hapo funga waya kwenye bisibisi bapa, upande wa pili uunge na ule waya mtupu wa kusuka uliolala mgongoni mwa tyubu, ndipo uchomeke taratibu chini ya mpira. Mkono mmoja. Wa pili uweke mfukoni, ushike hela uliyoambiwa uandae.

Sasa kuna TV za kofi. Zinazimika, baba anainuka, anapiga kofi, taarifa ya habari inaendelea. Familia inaona ni heshima! Ni mguu wa kipuri umeachia risasi ya kuchomelea. Mulikeni tochi upande wa chini wa bodi, mtaona kijipete cheusi kimezunguka mguu: kwenye flaibaki yenyewe, kwenye transista kubwa inayoiendesha, kwenye soketi ya waya za yoku, zile koili zilizovaa shingo ya tyubu. Nyonyeni risasi ya zamani, safisheni mguu, wekeni mpya. Kuyeyusha ileile juujuu ni kuahirisha kofi.

Na ule mstari mmoja mweupe wa mlalo katikati ya kioo? Hapa ndipo uonevu unapochosha. Mwanga huo umepata wapi volti zake kama flaibaki imekufa? Flaibaki ndiyo inayozitoa! Kilicholala ni upande wa kutanua picha juu na chini. Punguzeni skrini, yaani mwanga, haraka, kwa kawaida ni kile kirungu cha chini kwenye flaibaki, la sivyo mstari utachoma kioo na alama haitoki. Kisha chomeeni upya miguu ya IC ya wima, chipu ya kutanua huko, badilisheni kapasita ndogo zilizo jirani yake, aghalabu kuna ya maikrofaradi 100, volti 35. IC yenyewe iwe ya mwisho.

Watu wa pwani wana ugonjwa wao: asubuhi picha ina ukungu, ikikaa nusu saa inang'aa. Chumvi na unyevu vimekula soketi ya shingo ya tyubu, pini ya fokasi, ya kunoa picha, imeota kutu ya kijani. Dawa ni soketi mpya. Hesabuni matundu na mpime shingo kabla ya kwenda dukani.

Ikiwa haiwaki kabisa, fyuzi nzima, kapasita kubwa ina volti zake, pimeni rezista ya kuanzishia pawa. Huwa ya omu nyingi na hukatika kimyakimya. Fyuzi ikiwa imepasuka na kuwa nyeusi, kuna shoti: dayodi, posista au transista ya pawa. Na nani aliwaambia karatasi ya sigara ni fyuzi?

Ile transista kubwa inayoendesha flaibaki ikifa kwa shoti, msiweke mpya mkawasha kwa bismillahi. Itoeni, fungeni glopu ya wati 60 kati ya laini kuu ya pawa iliyokuwa inailisha transista (si waya wa ukutani!) na ardhi ya upande huo, pimeni. Bodi imeandikwa volti zake, mara nyingi 110 na ushee. Mkiona 150, pawa ndiyo muuaji, kwa kawaida ni kapasita ndogo iliyokauka. Glopu iwe ya uzi, LED haifai. Na siku hizi kupata glopu ya uzi ni kazi kuliko kupata transista.

Flaibaki nayo huwa na makosa, sikatai. Ganda limepasuka, inafuka harufu, inalia tsii, au transista mpya inachemka ndani ya dakika moja huku volti ziko sawa. Hapo badilisheni, kwa namba iliyochapwa juu yake, si kwa kufanana sura.

Basi imepona, mmeiwasha: chenga tupu! Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, chomekeni king'amuzi kwa waya wa njano, mweupe na mwekundu. Lakini nyuma ya dirisha tayari kuna sauti: "Si nilisema mimi? Flaibaki hiyo."