Itajie Eclipse Java Yake

Mtu anasakinisha programu-jalizi ya kupima utendaji ndani ya Eclipse, kihariri cha kuandikia programu za Java, anafungua dirisha lake, anakuta orodha tupu. Programu yake inaendeshwa, maandishi yanapita kwenye konsoli, ila kipimo hakioni chochote. Wengi wakifika hapo huilaumu programu-jalizi na kuiondoa. Kwa maoni yangu, mara nyingi tatizo liko chini yake: Eclipse yenyewe inaendeshwa na Java (yaani mashine inayoendesha programu za lugha hiyo) isiyofaa kwa kazi hiyo, na Java hiyo hakuna aliyeichagua.

Ndani ya Eclipse kuna Java mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowachosha watu. Ya kwanza huendesha mradi wako. Hiyo unaiweka kwenye mapendeleo, chini ya "Installed JREs". Ya pili huendesha kihariri chenyewe. Ile ya kwanza unaweza kuibadilisha kutwa nzima na programu-jalizi isiguswe, maana yenyewe inaishi ndani ya hii ya pili. JAVA_HOME, kigezo cha mfumo kinachotaja Java ilipo, nayo haisaidii, kwa sababu kizinduzi cha Eclipse hakiiangalii. Usipokielekeza, kitachukua Java kitakayoikuta kwenye PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu, hata kama iliingizwa na programu nyingine usiyoikumbuka tena.

Ndiyo maana nasema mstari wa -vm uandikwe kwenye eclipse.ini, faili ya mipangilio ya kuwashia Eclipse, hata kama leo kila kitu kinakwenda sawa. Unakaa hivi:

-vm
C:/Program Files/Java/jdk-17/bin/javaw.exe
-vmargs
-Xmx2g

Tazama mambo mawili. Neno -vm lina mstari wake, na njia ya faili ina mstari wake. Ukiviweka pamoja havisomeki. Pia lazima -vm itangulie -vmargs, kwa kuwa chochote kinachofuata -vmargs hupelekwa moja kwa moja kwa mashine pepe ya Java, na kufikia hapo Java imekwisha kuchaguliwa. Vifurushi vya Eclipse vya miaka ya karibuni huja na -vm inayoelekea kwenye Java iliyomo ndani ya folda ya plugins. Badilisha mstari huo uliopo, usiongeze wa pili. Kisha zima, washa, ufungue "Installation Details" na usome java.home. Usiamini mpaka uione hapo.

Kwa nini njia hiyo ielekee kwenye JDK, yaani Java kamili yenye zana za watengeneza programu? Programu moja ya Java haiwezi hivihivi kujishika kwenye nyingine na kusoma kumbukumbu na nyuzi zake. Inahitaji maktaba maalumu. Hadi Java 8 maktaba hiyo ilikuwa ndani ya tools.jar, faili iliyokuja na JDK na kukosekana kwenye JRE, Java ya kuendeshea programu tu. Java 9 ilipotoka Septemba 2017, tools.jar ikaondolewa na kazi hiyo ikahamia kwenye moduli ya jdk.attach. Kwa hiyo programu-jalizi ya zamani inaweza kuwa inatafuta faili ambayo haipo tena, huku Eclipse kuanzia toleo la 2022-09 ikidai angalau Java 17. Hapo sioni haja ya kushindana nayo. Tumia VisualVM, programu ya kupima inayojitegemea, nje ya kihariri, uendelee na kazi.

Kinachoniudhi ni ukimya. Programu-jalizi ikikosa maktaba hiyo inajua imeikosa, na inajua imewashwa na Java ipi. Ishindwe nini kuandika njia ya Java hiyo kwenye dirisha na kusema inataka JDK? Orodha tupu humfanya mtu adhani msimbo wake ndio mbovu.

Orodha ikibaki tupu, akaunti nayo iangaliwe: kihariri na programu inayopimwa viendeshwe na mtumiaji yuleyule. Amri ya jps, inayoorodhesha programu za Java zinazoendeshwa, itakuonyesha haraka kinachoonekana kwa akaunti yako.

Na kwa walio kwenye Java 21, iliyotoka 2023: mashine pepe sasa hutoa onyo wakala (kipande cha msimbo cha kipimo) anapopachikwa kwenye programu ambayo tayari inaendeshwa, na imekwisha kutangazwa kwamba toleo la baadaye litalizuia jambo hilo lisiporuhusiwa waziwazi. Ruhusa yenyewe ni -XX:+EnableDynamicAgentLoading. Ukitaka kupima programu yako, usiiweke kwenye eclipse.ini, iweke kwenye mipangilio ya kuendeshea mradi, kwa sababu Java inayopachikwa wakala ni ile ya mradi.