Kompyuta ikikaa bure, nani apewe nafasi?

Steshenari nyingi za jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) zikifungwa usiku, mwenye duka huzima swichi ya ukutani ili yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zisiende bure. Windows nayo hupanga matengenezo yake usiku wa manane. Ikikuta mashine imezimwa, inasubiri iwashwe na iachwe kidogo bila kuguswa. Basi mchana, foleni ya wanafunzi wa kuprinti ikikatika tu, diski inaanza kuunguruma. Anayefuata anafungua PDF yake na kukaa kama anayesubiri basi la Kondoa lijae.

Hapo mafundi tunagawanyika. Wapo wanaotaka kila upenyo utumike: diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, ikikaa bure nusu sekunde, imezunguka mara 60 kwa hasara. Wapo wanaosema upenyo huo ni mtego, na nilikuwa upande wao. Kazi ya pembeni ikishaanza, kichwa cha diski, kile kinachosoma data, kimehamia kwingine. Mteja akitokea, lazima kirudi, na mteja ndiye anayelipia safari hiyo.

Kilichonibadilisha ni mpangilio wa mapengo yenyewe. Mafupi ni mengi mno, marefu ni ya kuhesabu, lakini ukijumlisha muda wote wa mapumziko, kwa kawaida sehemu kubwa imo ndani ya yale machache marefu. Tena diski iliyokaa sekunde kumi bila kuombwa kitu ina dalili ya kuendelea kukaa, kuliko ile iliyotulia sasa hivi. Kwa hiyo programu ikivumilia kidogo kabla ya kuanza, inayakwepa mapengo yenye kero na haipotezi mengi. Wanaolalamikia kuchelewa wako sahihi kuhusu programu isiyo na subira. Subira yenyewe ni rahisi kuiweka.

Ila si kila kazi ya kusubirishwa. Chukua seva ya ofisi, kompyuta ya pamoja yenye diski kadhaa zinazolindiana data. Kuisoma diski nzima kutafuta sehemu zilizoharibika kimyakimya kunavumilika: diski ya TB 8, kwa MB 200 kila sekunde, inataka kama saa 11. Ukiipa saa moja tu, ya chakula cha mchana, kila siku ya kazi, ni wiki mbili na siku moja. Sawa. Lakini diski ikifa na mpya inajazwa kutoka kwa zilizobaki, wiki mbili ni kamari. Kwa mipangilio mingi, ya pili ikifa kabla, data imekwenda. Hiyo ifanyike hata mchana, watu wanune.

SSD, yaani diski zisizo na kitu kinachozunguka, kwa upande wake husafisha zenyewe nafasi za data iliyofutwa zikikosa kazi, mradi umeme upo.

Nilimwomba mwenye steshenari mmoja aache mashine zikiwaka Jumamosi usiku mmoja tu kwa mwezi. Alinitazama. "Sawa fundi, na hizo yuniti unanunua wewe?"